Kobla ya Mapichi Imegoma: Anza Kutafuta Kosa Kwenye Juisi

Kobla ikitoka kwenye oveni haieleweki, lawama ya kwanza huangukia unga. Mtu anabadilisha aina ya unga, anaongeza baking poda, anaongeza siagi, na kobla inayofuata inatoka vilevile. Mimi naanzia upande wa pili. Katika majiko yetu ya Kampala, Jinja au Mbarara, kobla nyingi huharibikia chini ya unga: juisi ya matunda haikuchemka vya kutosha, au ilichelewa kuchemka, na adhabu ikauangukia mkate wa juu.

Kobla ni chakula cha Wamarekani tangu karne ya 19. Matunda yenye sukari hukaa chini ya bakuli, madonge ya unga hupangwa juu, kisha vyote huokwa pamoja. Shida ndiyo hiyo, vitu viwili vyenye mwendo tofauti vinaingia motoni wakati mmoja. Donge dogo la unga linaweza kuiva kwa dakika 20 hadi 25. Matunda baridi karibu kilo moja, ndani ya bakuli zito la kioo, yanaweza kumaliza nusu saa kabla hata ya kutoa povu pembeni.

Ili tuzungumze kitu kimoja, hivi ndivyo vipimo ninavyovifikiria humu: mapichi gramu 900 yaliyokwisha kumenywa na kukatwa, sukari gramu 120, konflawa (wanga wa mahindi) vijiko vikubwa 2, maji ya limau kijiko kikubwa 1 na chumvi kidogo. Juu: unga wa ngano gramu 200, sukari gramu 50, baking poda vijiko vidogo 2, chumvi nusu kijiko kidogo, siagi baridi gramu 80 na maziwa mililita 150. Bakuli la lita 2, oveni nyuzi 190. Kama vyako viko mbali sana na hivi, linganisha kwanza kabla ya kusoma mbele.

Umechota kijiko, chini ni supu

Hili ndilo lalamiko kubwa. Sababu zake ni kama nne, na mara nyingi huja mbili kwa pamoja.

Ya kwanza, wanga haukupata moto wa kutosha. Konflawa huanza kuvimba kwenye nyuzi 60 na kitu, lakini haishiki sawasawa mpaka juisi ikaribie kuchemka kabisa, na ichemke katikati ya bakuli, si pembeni tu. Kabla ya kuitoa kobla, chungulia mapovu. Juisi ambayo bado ni maji hutoa mapovu madogo, mengi, ya haraka, yanayopasuka mara tu yanapotokea. Juisi iliyoshika hutoa mapovu makubwa mazito, yanainuka polepole, yanakaa kidogo, kisha yanapasuka na kuacha alama. Ukiona mapovu ya aina ya kwanza, rudisha oveni hata kama juu kumependeza. Funika juu kwa foili ili mkate usiungue, uache uendelee.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya kigeni havituambii kwa sababu vimeandikiwa watu wa karibu na usawa wa bahari. Kampala iko kama mita 1,200 juu, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kabale iko karibu na mita 2,000, na huko yanachemka kwenye nyuzi 93 au zaidi kidogo. Kwa hiyo juisi yako inayotokota haina joto lilelile la juisi ya mtu wa Mombasa. Kampala dawa ni kuongeza dakika chache za kutokota. Kwa mtu wa Kabale ningependekeza wanga wa muhogo badala ya konflawa, kwa sababu huo hushika kwenye joto la chini zaidi na mchuzi wake hung'aa. Nasema wanga, ule mweupe laini kama poda, si unga wa muhogo wa kusongea. Vilevile konflawa si unga wa posho, yaani unga wa mahindi wa ugali. Posho itakupa chengachenga mdomoni.

Ya pili ni sukari. Sukari hugombania maji na wanga. Mtu akiona mapichi yana uchachu anamwaga sukari nusu kilo, halafu anashangaa konflawa ileile ya juzi leo imeshindwa. Tena sukari huvuta maji kutoka kwenye tunda. Mapichi yaliyokatwa na kutiwa sukari asubuhi, yakaokwa jioni, yatakuwa yanaogelea. Hilo si kosa kama utalitumia vizuri: chuja ile juisi kwenye sufuria ndogo, ichemshe peke yake mpaka ipungue nusu, kisha irudishe.

Ya tatu, umetumia unga wa ngano kushikisha na ukaweka kipimo cha konflawa. Nguvu ya ngano ni kama nusu tu, kwa hiyo vijiko viwili vinakuwa vinne.

Ya nne ni njaa. Juisi huendelea kuwa nzito inapopoa. Kobla iliyochotwa dakika tano baada ya kutoka motoni itamwagika hata kama kila kitu kilifanywa sawa. Ipe nusu saa mpaka dakika 40.

Tiba inayozima sababu hizi karibu zote ni moja. Chemsha matunda kwanza. Tia mapichi, sukari, limau na wanga uliokorogwa na maji kidogo ya baridi kwenye sufuria, weka kwenye moto wa kati, koroga taratibu mpaka itokote na kuwa nzito, dakika 5 hadi 8. Mimina kwenye bakuli ikiwa ya moto, panga madonge palepale, ingiza oveni. Wapo watakaosema hivyo si kobla halisi. Waache na supu yao.

Juu kumeiva, ukiinua donge chini yake ni unga mbichi

Huyu ni ndugu wa tatizo la kwanza. Donge lililopangwa juu ya matunda baridi linapata joto kutoka juu tu. Juu linakauka na kupata rangi, chini limekalia maji ya uvuguvugu likiloweka. Likipangwa juu ya matunda yanayotokota, mvuke unaanza kulipika tumbo dakika hiyohiyo. Ndiyo maana nasisitiza habari ya kuchemsha.

Kama matunda yalikuwa ya moto na bado chini ni mbichi, angalia unene. Donge lisizidi kijiko kikubwa kilichojaa, na lisizidi sentimita 2 au 3 kwenda juu. Pia usizibe uso wote wa bakuli. Acha nafasi za kidole kati ya donge na donge, mvuke upate pa kutokea. Unga uliotandazwa kama shuka hadi ukingoni unaufungia mvuke chini, nao unarudi ndani ya mkate.

Kujua kama umeiva, usichome juu ukaridhika. Inua donge la katikati kwa uma, tazama upande wake wa chini. Likiwa limeiva litakuwa na vitundu kama mkate, limelowa juisi kidogo tu. Likiwa bichi litakuwa la kunata na kung'aa. Wenye kipimajoto wanaambiwa wasubiri nyuzi 95 katikati ya donge. Kampala 93 inatosha. Kabale ukisubiri 95 utasubiri hadi kesho, kwa kuwa maji yenyewe hayafiki huko.

Sababu nyingine ni mafuta. Margarini si sawa zote. Zile za kopo laini za kupaka mkate, nyingine zina maji mengi na mafuta chini ya nusu, na hizo hutoa mkate unaonata kama gundi hata uoke saa nzima. Soma lebo, tafuta yenye mafuta asilimia 70 kwenda juu, au siagi yenyewe. Na iwe baridi. Kwenye joto la mchana la huku mafuta yanalegea mkononi, kwa hiyo yakate vipande, yarudishe kwenye friji dakika 15, kisha yasugue kwenye unga kwa ncha za vidole mpaka yawe chembe za ukubwa wa njegere.

Na kuna kosa la baada ya kuoka. Nzi wengi, basi mtu anachukua sahani au mfuniko na kufunika kobla ya moto. Mvuke unagonga mfuniko, unadondoka, na mkate uliokuwa mkavu unakuwa uji kwa robo saa. Funika kwa wavu au kitambaa chepesi.

Mkate umeumuka vizuri, kisha ukabonyea

Mwinuko tena. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo gesi ya baking poda inatanuka zaidi. Mkate unapanda haraka kuliko unavyoweza kujishikilia, unaanguka, unabaki mzito katikati. Kwa Kampala vijiko vidogo 2 vya kitabu vivute hadi 1¾. Kwa Kabale weka 1½, na ongeza kijiko kimoja kikubwa cha maziwa kwa sababu unga hukauka upesi zaidi.

Kama haukuumuka kabisa, shuku kopo. Tia nusu kijiko cha baking poda kwenye maji ya moto. Ikichachamaa kwa nguvu, ni nzima. Ikitoa povu la kivivu, tupa. Kopo linalokaa wazi karibu na sufuria zinazofuka mvuke halimalizi muda ulioandikwa juu yake.

Ukitumia mtindi au bongo (maziwa yaliyoganda) badala ya maziwa, ongeza robo kijiko kidogo cha soda ya kuokea na punguza baking poda nusu kijiko kidogo. Magadi ya maharage hayashiki nafasi hiyo. Yatakupa ladha ya sabuni na rangi ya njano.

Mkate mgumu kama ngozi? Umekanda. Donge la kobla halikandwi kama la chapati, linakorogwa kwa uma mara chache mpaka unga mkavu usionekane, basi. Likionekana baya na lenye mabonde, ndivyo linavyotakiwa.

Chini kumeungua, juu kungali kweupe

Oveni nyingi za gesi za majumbani zina moto wa chini tu. Washa dakika 20 kabla, weka bakuli kwenye reli ya kati au moja juu yake, na tandika trei tupu kwenye reli ya chini kabisa ili ikinge mwali. Dakika 10 za mwisho sogeza bakuli juu zaidi. Maziwa yaliyopakwa juu ya madonge na sukari iliyonyunyizwa huleta rangi hata kama moto wa juu ni mdogo. Sukari yetu ya chembe kubwa inafaa sana hapo, maana haiyeyuki yote na inabaki ikivunjika chini ya meno.

Oveni ya umeme inaweza kuwa na ugonjwa mwingine. Jioni, kila nyumba ikiwa imewasha vyombo, nguvu ya umeme hushuka, na kitufe kilichoandikwa 190 kinakupa joto la chini kuliko hapo. Kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani ya oveni kinamaliza ubishi huo.

Kwenye sigiri inawezekana kabisa, na kwa maoni yangu kobla ya sigiri ina harufu nzuri kuliko ya gesi. Chukua sufuria kubwa nzito, tandika mchanga mkavu au mawe madogo chini, weka bakuli la kobla juu yake, funika kwa mfuniko bapa wa bati. Kosa linalofanywa na wengi ni kujaza mkaa chini. Geuza hesabu. Theluthi moja ya makaa iwe chini, theluthi mbili juu ya mfuniko. Makaa ya chini yakiwa mengi, sukari ya matunda inaungua kabla ya mkate kupata rangi, na uchungu wa sukari iliyoungua hupanda bakuli zima. Hakuna dawa ya hapo zaidi ya kuchota ya juu na kuacha ya chini.

Mapichi yenyewe ndiyo tatizo

Mpichi unahitaji kipindi cha baridi ili uchanue vizuri, kwa hiyo haupendi maeneo yetu ya joto. Mengi tunayokutana nayo kwenye soko la Nakasero, Kampala, au kwenye supamaketi yamesafiri mbali ndani ya friji, na yale ya Afrika Kusini huwa msimu wake kati ya Novemba na Machi. Safari hiyo ina madhara yake.

Pichi lililokaa muda mrefu kwenye baridi ya kati, kama nyuzi 2 hadi 8, kabla halijaiva, huharibika kwa ndani. Nje ni zuri, jekundu. Ukilikata, nyama ni kavu, ina ungaunga, pengine kahawia karibu na kokwa. Kulioka hakulirudishi. Basi muuzaji akikuambia, "Dada, haya mazuri, yametoka kwenye friji sasa hivi," mjibu kwa upole, "Asante mama, nikatie moja nione." Nunua baada ya kuona ndani. Jioni wauzaji wengi hukubali.

Yakiwa magumu lakini ndani mazima, usiyatie friji. Yaweke kwenye bahasha ya karatasi pamoja na ndizi mbivu, mahali pa kivuli, siku moja hadi tatu. Yatalainika na kunukia, ila utamu hautaongezeka sana baada ya kuchumwa, kwa hiyo onja kabla ya kupima sukari. Friji ni ya pichi lililokwisha kuiva.

Ganda likikataa kutoka, kata alama ya msalaba kwenye kitako, tumbukiza kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30 hadi 60, kisha maji baridi. Likiendelea kung'ang'ania, tunda halijaiva. Limenye kwa kisu na ongeza dakika za kuchemsha. Nyama ikishikamana na kokwa, hiyo ni aina yake, si ubovu: kata vipande ukizunguka kokwa kama unavyokata embe. Makokwa yatupe. Mbegu iliyo ndani ina kemikali inayotoa sumu ya sianidi ikisagwa au kutafunwa.

Vipande vilivyogeuka kahawia kabla ya kuokwa vinahitaji limau mapema, basi.

Mapichi ya kopo yamekwisha kupikwa. Chuja sharubati yake yote, usichemshe tena kwa muda mrefu, punguza sukari zaidi ya nusu. Chemsha sharubati kikombe kimoja na wanga, changanya na vipande dakika ya mwisho. Anayemwaga kopo zima na maji yake bakulini asishangae.

Ladha ya chuma na rangi ya kijivu

Sufuria ya alumini. Uchachu wa mapichi na limau hula alumini, hasa sufuria mpya au iliyosuguliwa kwa nguvu mpaka ikang'aa. Kuchemsha dakika chache hakudhuru ladha sana, lakini usiokee humo na usilaze kobla humo usiku. Tumia kioo, udongo uliopakwa rangi ya kung'aa, enameli au chuma kisichoshika kutu. Kama alumini ndiyo pekee uliyo nayo, tandika karatasi ya kuokea mpaka ukingoni.

Umeme umekatika katikati

Usifungue mlango. Kama zimepita dakika 25 na juu kumeshaanza rangi, joto lililobaki litaendelea kupika. Acha ndani dakika 20, kisha kagua kwa uma. Kama ni dakika 10 za mwanzo, baking poda imeshaanza kazi na haikusubiri. Hamishia kwenye sigiri mara moja, makaa mengi juu. Kobla iliyosimama nusu saa ikiwa nusu mbichi haitaumuka tena hata umeme ukirudi na nguvu zake zote.

Hakuna mapichi, nimetumia embe au nanasi, na sasa mambo ni mengine

Embe bivu lina maji machache ya kumwagika lakini huvurugika haraka. Chagua lililo gumu kidogo, lisilo na nyuzi nyingi, ongeza limau kwa sababu uchachu wake ni mdogo, na lichemshe dakika 3 tu. Nanasi la Kayunga ni kinyume chake. Linatoa juisi nyingi na halilainiki upesi. Likate vipande vidogo, lichemshe peke yake dakika 10, chuja, punguza juisi, kisha ndipo utie wanga. Sukari gramu 60 inatosha, maana ni tamu lenyewe. Mdalasini unakwenda na mapichi. Kwa nanasi mimi naweka tangawizi.

Jana ilikuwa nzuri, leo imetoa maji

Wanga wa mahindi uliokaa kwenye friji huachia maji polepole, na mkate huwa mgumu hukohuko. Usiirudishe kwenye friji ikiwa ya moto na imefunikwa. Kupasha, tumia oveni nyuzi 170 dakika 15 bila kufunika, au sufuria kavu yenye mfuniko kwenye sigiri, makaa yakiwa juu tu. Maikrowevu itapasha matunda vizuri na kuufanya mkate uwe wa kutafuna kama mpira. Ukijua kobla italala, tumia wanga wa muhogo tangu mwanzo.